Amani ya Mkristo wakati wa dhiki: Funzo la wimbo wa baba aliyefiwa

KATIKA mazishi mengi ya Wakristo nchini Kenya, kuna wimbo mmoja ambao aghalabu hauhitaji kutangazwa. Mtu mmoja huuanzisha, sauti nyingine zikadakia, na kabla ya ubeti wa kwanza kumalizika umati wote huwa unauimba, hata wale wasioshika kitabu cha nyimbo. Ni wimbo unaolinganisha amani na maji yaliyotulia, na shida na mawimbi ya bahari, kisha ukakiri kwamba katika hali zote mbili mwimbaji hana hofu juu ya nafsi yake.

Wengi wauimbao hawajui ulitungwa na nani. Wengine wamesikia kisa chake kwa wahubiri, nacho husimuliwa kwa ufupi: baba alipoteza mabinti wanne baharini, akaabiri meli, akafika mahali walipozama, na papo hapo akachukua kalamu na kuandika maneno ya amani.

Kisa hicho kimewafariji maelfu ya watu. Hata hivyo, kimewalemea wengine. Mama aliyemzika mwanawe, na ambaye mwaka mzima umepita bila usingizi wa kutosha, hukisikia na kujiuliza imani yake ina kasoro gani. Mbona mwenzake alipata utulivu kwa siku moja ilhali yeye bado analia?

Swali hilo ni zito na linastahili jibu. Jibu lenyewe limo katika historia ya mtunzi huyo, mradi isimuliwe yote, pamoja na sehemu ambazo kwa kawaida huachwa nje ya mahubiri.

Moto, kisha maji

Horatio Gates Spafford alizaliwa 1828 katika jimbo la New York, Marekani. Baadaye alihamia mjini Chicago, akawa wakili mwenye jina na mzee wa kanisa la Presbyterian. Mnamo 1861 alimwoa Anna, msichana aliyezaliwa Norway, nao wakajaliwa mabinti wanne: Annie, Maggie, Bessie na Tanetta. Nyumba yao ilikuwa maskani ya wahubiri, mmoja wao akiwa Dwight Moody.

Spafford alikuwa amewekeza mali yake katika ardhi. Mnamo Oktoba 1871 moto mkubwa uliteketeza Chicago kwa siku tatu. Watu wapatao 300 walifariki na wengine takriban 100,000 wakabaki bila makao. Moto huo ulimtia Spafford hasara kubwa na kumwachia mzigo wa madeni. Licha ya hayo, yeye na mkewe walishiriki katika kuwasaidia waathiriwa.

Miaka miwili baadaye familia hiyo iliamua kusafiri hadi Ulaya. Dakika za mwisho shughuli za kibiashara zilimzuia Spafford, akawatanguliza mkewe na watoto kwa ahadi ya kuwafuata. Waliondoka New York katikati ya Novemba 1873 kwa meli ya Kifaransa iliyoitwa Ville du Havre.

Usiku wa kuamkia Novemba 22, katikati ya bahari ya Atlantiki, meli hiyo iligongana na Loch Earn, meli ya matanga iliyoundwa kwa chuma. Ville du Havre ilizama kwa muda wa dakika 12 hivi. Watu 226 waliangamia na 87 wakaokolewa. Miongoni mwa walioopolewa majini alikuwa Anna. Mabinti wote wanne walikuwa wamekwenda na maji.

Manusura walifikishwa Cardiff, nchini Wales. Kutoka huko Anna alimpelekea mumewe telegramu fupi mno, iliyomjulisha kwamba yeye ameokoka, tena peke yake. Spafford aliabiri meli iliyofuata kwenda kumchukua mkewe. Inasimuliwa kwamba njiani nahodha alimwita na kumwonyesha mahali ambapo, kwa hesabu zake, ile meli ilikuwa imezama.

Wimbo ulitungwa lini?

Hapa ndipo masimulizi yanapotengana. Binti wa Spafford aliyezaliwa baadaye, Bertha, aliandika katika kitabu chake kilichochapishwa 1950 kwamba babake alitunga wimbo huo baharini, katika safari hiyo. Haya ndiyo masimulizi yanayopendwa na wahubiri.

Lakini mwimbaji Ira Sankey, ambaye alikuwa mwandani wa Moody katika mikutano ya injili, aliacha ushahidi tofauti. Kwa mujibu wake, Spafford alitunga wimbo huo mnamo 1876, wakati Sankey alipokuwa mgeni nyumbani kwa familia hiyo mjini Chicago kwa majuma kadhaa. Mwaka huo huo ndipo wimbo ulipochapishwa, ukiwa na sauti iliyotungwa na Philip Bliss. Bliss aliipa sauti hiyo jina la meli iliyozama, Ville du Havre.

Yamkini yote mawili yana ukweli. Huenda mbegu ya maneno hayo ilipandwa juu ya maji na ikachipuka miaka mitatu baadaye. Hata hivyo, ikiwa Sankey alisema kweli, basi kati ya msiba na wimbo palipita zaidi ya siku 700 za kuamka asubuhi na kukuta vitanda vinne vitupu. Amani inayosikika katika beti hizo si ya mtu aliyesahau kwa siku moja. Ni ya mtu aliyepigana na huzuni yake kwa muda mrefu, hadi akaweza kuitamka.

Kwa aliyefiwa, tofauti hiyo ni kubwa. Mtu anapoambiwa kwamba mwamini halisi hutulia papo hapo, hubeba misiba miwili, wa kwanza ukiwa kifo na wa pili aibu ya kutotulia. Anapofahamu kwamba hata mtunzi wa wimbo wa amani huenda alihitaji miaka kadhaa, huondolewa angalau ule mzigo wa pili.

Amani na imani, ndugu wa shina moja

Lugha ya Kiswahili ina hazina katika jambo hili. Maneno amani, imani, amini na amana yote yametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya usalama na kutegemeka. Amana ni kitu unachomwachia mtu unayemtegemea akutunzie. Kuamini ni kumtegemea mtu kiasi cha kumwachia kitu hicho. Amani ni hali ya moyo wa yule ambaye amana yake imo katika mikono salama. Kwa maana hiyo, amani haitegemei kwanza hali ya hewa ilivyo nje. Hutegemea aliyekabidhiwa amana ni nani.

Waliotafsiri wimbo wa Spafford kwa Kiswahili nao walichagua neno la kupendeza. Kwa Kiingereza, mtunzi alilinganisha amani na mto. Katika Kiswahili pakatumiwa neno shwari, neno la mabaharia, lenye kumaanisha bahari iliyotulia bila upepo wala mawimbi. Kila baharia wa Pwani anajua kwamba shwari na dhoruba ni hali za bahari ile ile, na kwamba chombo madhubuti huundwa kwa ajili ya zote mbili. Hakuna anayejenga jahazi kwa kutumaini kwamba upepo hautavuma.

Biblia yenyewe hutumia neno la Kiebrania, shalom, ambalo maana yake ni pana kuliko kutokuwepo kwa vita. Ni ukamilifu, hali ya kitu kisichopungukiwa, uhusiano uliotengenezeka kati ya mtu na Mungu, na kati ya mtu na jirani yake. Ndiyo sababu katika Maandiko mtu anaweza kuwa na amani huku akiwa na jeraha, na mwingine akakosa amani huku akiwa na mali tele.

Ahadi iliyotolewa usiku wa hatari

Mara nyingi Wakristo hunukuu ahadi ya Yesu ya kuwaachia wanafunzi wake amani, iliyomo katika Injili ya Yohana sura ya 14. Wasichokumbuka wengi ni wakati ilipotolewa. Yesu aliyasema hayo katika usiku wa karamu ya mwisho, saa chache kabla ya kukamatwa. Katika mazungumzo hayo hayo, sura ya 16, aliwaonya waziwazi kwamba watakuwa na dhiki ulimwenguni. Ahadi ya amani na taarifa ya dhiki zilitoka katika kinywa kimoja, usiku mmoja.

Isitoshe, muda mfupi baadaye yeye mwenyewe alikuwa katika bustani ya Gethsemane akiwa na huzuni ya kiasi cha kufa. Aliwasihi marafiki wakeshe pamoja naye. Alimwomba Baba yake kikombe hicho kimwepuke, na aliomba hivyo zaidi ya mara moja. Kabla ya hapo, kaburini kwa rafiki yake Lazaro, alikuwa amelia machozi mbele ya watu, ingawa alijua atakalolitenda.

Mtume Paulo naye anatoa mfano kama huo. Waraka wake kwa Wafilipi, unaojulikana kwa mafundisho ya furaha na amani, aliuandika akiwa kifungoni. Katika sura ya 4 anawahimiza wasomaji wamweleze Mungu haja zao zote kwa sala na shukrani, na amani ipitayo ufahamu itawalinda mioyo. Kitenzi alichokitumia kwa Kigiriki ni cha kijeshi, kile cha askari wanaolinda mji. Maana yake ni kwamba adui yupo nje ya lango. Mji usio na adui hauhitaji walinzi.

Paulo huyo huyo, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, alikiri kwamba wakati fulani alilemewa kupita kiasi hata akakata tamaa ya kuishi. Alieleza pia kuhusu mwiba katika mwili wake, ambao aliomba mara tatu uondolewe. Haukuondolewa. Alipewa neema ya kuubeba. Iwapo mtume huyo alipitia hayo, ni vigumu kuelewa ni kwa msingi gani muumini wa leo aambiwe kwamba kukata tamaa kwake ni ishara ya ukosefu wa imani.

Machozi yana mahali pake

Kitabu cha Zaburi, ambacho kimekuwa kitabu cha sala cha Wayahudi na Wakristo kwa karne nyingi, kimejaa vilio. Sehemu kubwa ya zaburi hizo ni malalamiko: mtu anamuuliza Mungu atamsahau hadi lini, mbona amejificha, mbona waovu wananawiri. Nyingi humalizikia kwa tumaini, lakini Zaburi ya 88 huishia gizani bila kufarijika. Waliokusanya Maandiko hawakuiondoa.

Hapa pana funzo la vitendo. Sala ya mtu aliye taabani haihitaji maneno mazuri. Anayemlalamikia Mungu bado anazungumza na Mungu. Hatari zaidi ni ukimya wa yule anayejilazimisha kutabasamu kanisani kila Jumapili kisha akarudi nyumbani kulia peke yake, kwa kudhani kwamba Mungu hupokea shukrani pekee.

Hata maombolezo ya Kiafrika yanalijua jambo hili. Katika jamii nyingi nchini, majirani hukesha na wafiwa kwa siku kadhaa, maji huchemshwa, kuni huletwa, na hakuna anayetarajiwa kuwa shujaa kabla ya maziko. Desturi hizo, ambazo makanisa mengi yamezipokea na kuzitia sala na nyimbo, humpa mfiwa ruhusa ya kuhuzunika akiwa kati ya watu.

Mkosi wa marafiki wa Ayubu

Dhiki za Spafford na mkewe hazikuishia baharini. Baada ya mkasa ule walijaliwa watoto wengine watatu: mvulana aliyepewa jina la babake, kisha Bertha na Grace. Mnamo 1880 mvulana huyo aliugua homa kali iliyowaua watoto wengi zama hizo, akafariki akiwa na umri wa miaka minne.

Wapo waliotarajia kwamba kanisa lingewakumbatia. Kwa mujibu wa masimulizi ya familia, baadhi ya waumini wenzao walianza kunong'ona kwamba misiba mfululizo namna hiyo haiwezi kuwa bure. Sharti pawe na dhambi iliyofichwa ambayo Mungu anaiadhibu. Spafford aliyakataa mafundisho hayo, na pamoja na tofauti nyingine za kiimani, akaachana na kanisa alilolitumikia.

Fikra hiyo ni ya kale kama kitabu cha Ayubu. Marafiki watatu wa Ayubu walipomjia, waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu. Hilo lilikuwa jambo lao jema. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, kwani walitaka kumthibitishia kwamba ameyataka mwenyewe. Mwishoni mwa kitabu, Mungu anawakemea marafiki hao na kumtetea Ayubu aliyelalamika.

Marafiki wa Ayubu hawajaisha. Wapo wanaomwambia mwanamke asiyepata mtoto kwamba ukoo wake una laana. Wapo wanaomweleza kijana aliyesoma na kukosa kazi kwamba hatoi zaka ipasavyo. Wapo wanaomsimamia mgonjwa wa saratani kitandani na kumtaka akiri kwamba hana ugonjwa. Wanaotenda hivyo wanaweza kuwa na nia njema, lakini matokeo ni kwamba wanampokonya mgonjwa kile kidogo cha amani alichobaki nacho.

Amani ya bandia

Dhiki humfanya mtu awe mwepesi wa kunaswa. Anayezama hushika hata unyasi. Katika nchi ambapo zaidi ya asilimia 80 ya wananchi walijitambulisha kuwa Wakristo katika sensa ya 2019, biashara ya kuuza utulivu wa haraka haiwezi kukosa wateja. Maji ya upako, mafuta, vitambaa na mbegu za fedha huuzwa kwa watu walio na madeni na karo wasizoweza kulipa. Muujiza usipotokea, muuzaji hulaumu imani ya mnunuzi.

Wakenya walishuhudia mwaka wa 2023 kina cha hatari hii. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa kutoka kwa makaburi ya kina kifupi, wakiwemo watoto wengi. Wachunguzi walisema waathiriwa walishawishiwa kufunga chakula hadi kufa ili wakutane na Mwokozi. Baadhi yao walikuwa wameacha kazi, shule na hospitali kwa kuahidiwa pumziko.

Ni vyema basi kuwa na kipimo. Amani ya kweli humrudisha mtu kwa watu wake. Ile ya bandia humtenga nao. Amani ya kweli humruhusu mtu kuuliza maswali. Ile ya bandia huyaita maswali dhambi. Amani ya kweli haimkatazi mgonjwa dawa. Luka, ambaye jadi ya Kikristo humtaja kuwa mwandishi wa Injili na wa Matendo ya Mitume, anaitwa tabibu katika waraka kwa Wakolosai, na hakuna mahali ambapo Paulo alimtaka aache kazi yake.

Jambo hili linahusu pia maradhi ya akili. Sonona si udhaifu wa kiroho, kama vile malaria isivyokuwa udhaifu wa kiroho. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu nchini Kenya iliamua kwamba sheria iliyomwadhibu mtu aliyejaribu kujitoa uhai inakiuka katiba. Uamuzi huo ulikuwa mwito kwa jamii kumwona mtu wa aina hiyo kuwa ni mgonjwa anayehitaji msaada badala ya mhalifu. Mchungaji mwenye busara huomba na mtu huyo, kisha humsindikiza kwa daktari au mshauri nasaha.

Hata familia ya Spafford haikuepuka makosa. Mnamo 1881, pamoja na kundi dogo la marafiki, walihamia Jerusalem, wakaanzisha makao yaliyokuja kujulikana kama American Colony, yaani makao ya Wamarekani. Kundi hilo lilimiliki mali kwa pamoja, na kwa miaka mingi liliwakataza watu wake kuoana. Baada ya Spafford kufariki kwa malaria 1888, Anna ndiye aliyeongoza, na neno lake halikupingwa kwa urahisi. Wapinzani wao walikuwa wengi, na si lawama zote zilikuwa za uongo. Waliofarijiwa na wimbo huo hawana haja ya kumgeuza mtunzi wake kuwa malaika.

Mikono yenye kazi

Pamoja na kasoro hizo, kuna jambo moja ambalo hata wapinzani wao hawakuweza kulikana. Watu hao waliofiwa waliwahudumia wengine. Waliwasaidia Waislamu, Wayahudi na Wakristo bila kuwabagua na bila kuwadai wabadili dini. Palestina ilipovamiwa na nzige 1915, na njaa ikashika kasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliendesha majiko ya kuwapikia wenye njaa na wakawauguza majeruhi.

Anna alifariki 1923. Mkesha wa Krismasi wa 1925, binti yake Bertha alikutana na mwanamume aliyekuwa akimpeleka mkewe mgonjwa hospitalini akiwa na mtoto mchanga. Mama huyo alifariki, na baba akamwomba Bertha amlelee mtoto. Kutokana na mtoto huyo mmoja kilianzishwa kituo cha watoto, kikaitwa kwa jina la Anna, mama aliyekuwa amepoteza watoto watano. Baadaye kikawa hospitali ya watoto, na kazi yake imeendelezwa na Kituo cha Watoto cha Spafford katika mji wa kale wa Jerusalem.

Hapa ndipo sehemu ya siri ya amani ilipo. Huzuni iliyofungiwa ndani huoza. Inayopewa kazi ya kufanya hupata njia ya kupumua. Katika waraka wa pili kwa Wakorintho, Paulo anaeleza kwamba Mungu hutufariji ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki za namna zote. Faraja hupokewa ili ipitishwe.

Nchini Kenya mfano wa jambo hili si wa kutafutwa mbali. Tangu miaka ya 1970, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walihimiza kuundwa kwa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambapo jamaa chache za mtaa mmoja hukutana nyumbani kusali na kusaidiana. Makanisa mengine yana vikundi vya akina mama, vya vijana na vya ushirika wa nyumbani. Mjane anayemtembelea mjane mwenzake akiwa na pakiti ya unga na nusu kilo ya sukari huenda asijue Kigiriki cha Paulo, lakini anatenda kile ambacho Paulo alikiandika.

Njia ya polepole

Kwa hivyo, anayetafuta amani katika imani wakati wa dhiki afanye nini? Mafunzo ya Maandiko na ya historia hii yanaweza kujumlishwa kwa machache.

Kwanza, aseme ukweli mbele za Mungu, hata kama ukweli huo ni hasira. Pili, asikubali kukaa peke yake. Hata Yesu aliomba wenzake wakeshe naye. Tatu, ajihadhari na yeyote anayemuuzia utulivu kwa fedha au kwa kumtenga na jamaa zake. Nne, atafute tiba ya mwili na ya akili bila aibu, kwani dawa na sala si maadui. Tano, nguvu zinapoanza kurejea, atafute mtu mmoja aliye katika hali kama yake na kumsaidia kwa kile alicho nacho.

Nao wanaomzunguka wana wajibu wao. Wawe wepesi wa kuketi na wazito wa kueleza. Wasimhimize aimbe kabla hajamaliza kulia. Wamtembelee mwezi wa tatu na wa sita, wakati hema la matanga limeshaondolewa na simu zimeacha kulia, kwani huo ndio wakati ambapo upweke humwandama mfiwa kwa ukali zaidi.

Wahenga walisema baada ya dhiki faraja, lakini hawakusema baada ya siku ngapi. Philip Bliss, aliyeutungia wimbo wa Spafford sauti, hakupata muda wa kuusikia ukienea. Mnamo Desemba 29, 1876, mwezi mmoja tu hivi baada ya wimbo kuanza kuimbwa, gari la moshi alimosafiria na mkewe liliporomoka pamoja na daraja huko Ashtabula, jimbo la Ohio, nao wakafariki pamoja na makumi ya abiria wengine. Kuutunga wimbo wa amani hakukumkinga na ajali, wala wimbo wenyewe haukuahidi hivyo.

Ulichoahidi ni kidogo zaidi, na labda ndiyo maana umedumu: kwamba amana iliyokabidhiwa Mungu haizami, hata chombo kikizama. Anayeweza kuyaimba hayo leo na ayaimbe. Asiyeweza na asikilize wenzake wakimwimbia, hadi siku sauti yake itakaporejea.